Walbro 255 kwenye Forester ya turbo: pampu inayoelewana na kontroli boksi ya kiwandani

Nianze na jibu, maana najua wengine mnaosoma gari limelala uani. Kama una Forester SG5 ya turbo, injini EJ205, kontroli boksi (kompyuta ya injini) ni ileile iliyokuja nayo kutoka Japani na hakuna aliyeichezea, halafu pampu ya mafuta imekufa, funga Walbro GSS342, ile ya lita 255 kwa saa. Ya lita 340 iache. Ya 450 iache kabisa. Na ile ya boksi jeupe lisilo na jina la kampuni, ambayo muuzaji anakuambia "hii inaingia gari zote", usiizamishe kwenye tangi lako hata kwa siku moja.

Mimi ni fundi umeme wa magari, kazi yangu iko Ilala, na wateja wangu wengi ni watu wa Subaru. Gari ninaloandikia hapa ni langu, la mwaka 2003. Naliendesha mjini kila siku, na likizo zikifika nalipeleka Iringa kwa wazazi. Pampu hiyohiyo nimeifunga pia kwenye magari ya wateja, kwa hiyo nimeipima kwenye gari zenye nyaya nzuri na zenye nyaya zilizochoka.

Watu wengi wanaichukulia pampu kama mota tu: ipe umeme wa betri, isukume petroli, kazi imekwisha. Kwenye IST, Vitz au Corolla za injini za NZ na ZZ unaweza kuishi na wazo hilo. Rilei inaiwasha pampu kwa nguvu yote, na reguleta iliyo ndani ya tangi inashikilia presha kati ya kilopaskali 304 na 343. Forester ya turbo imepangwa vingine. Katikati ya rilei na pampu kuna moduli, kiboksi kidogo kilichofichwa nyuma ya plastiki ya pembeni kwenye buti. Kontroli boksi inaipa moduli hiyo amri kwa asilimia: 33 gari likiwa sailensi (injini inawaka, mguu hauko kwenye mafuta) au likitembea kwa upole, 67 mzigo ukiongezeka, 100 ukikanyaga mpaka turbo ikajaa. Ukiunganisha laptop yenye RomRaider, programu ya kusoma kompyuta ya Subaru, utaiona namba hiyo ikiruka kutoka hatua moja hadi nyingine kadiri mguu unavyoshuka.

Subaru hawakuweka kiboksi hicho kwa kupenda ugumu. Pampu ikizunguka kwa nguvu yote wakati wote inapiga kelele, inakula umeme bure, na inapasha moto petroli ambayo kazi yake ni kutoka kwenye tangi, kufika mbele na kurudi ilikotoka. Kwenye foleni ya Buguruni saa nane mchana, tangi likiwa robo, joto hilo si jambo dogo.

Sasa hapa ndipo naomba msomaji atulie nami. Kontroli boksi ya gari hili haioni presha ya mafuta. Haina sensa yake. Inachojua ni hewa iliyoingia, na kwa hewa hiyo inaamua nozeli, inayonyunyizia petroli, ifunguke kwa milisekunde ngapi. Hesabu yote hiyo inasimama juu ya imani moja: kwamba presha ya mafuta iko baa 3 juu ya ile ya kwenye manifoldi (njia ya hewa ya kuingia injini), siku zote. Ndiyo sababu kitabu cha ufundi cha Subaru kinataka geji isome kilopaskali 284 hadi 314 mpira wa vakyumu wa reguleta ukiwa umechomolewa, na 206 hadi 235 ukiwa umerudishwa mahali pake, injini ikiwa sailensi. Kwa geji zetu za PSI, hiyo ni 41 hadi 46, kisha 30 hadi 34. Pampu yoyote utakayofunga, ya jina kubwa au ndogo, inapaswa kuiacha presha hiyo ilivyo. Hicho ndicho kipimo changu cha kuelewana, na ndicho nilichotumia kwenye tathmini hii.

Tazama pia kiasi. EJ205 ya Forester ilitoka na nguvu 220 hivi. Injini ya turbo ya nguvu hizo, ikikanyagwa mpaka mwisho, inakunywa petroli kati ya lita 75 na 90 kwa saa. Ikiwa sailensi inakunywa lita moja na ushee. Kwa hiyo pampu ya lita 255 tayari inatosha mara mbili na zaidi, na kila kinachobaki lazima kipite kwenye reguleta kirudi nyuma. Njia ya kurudi ni nyembamba. Na kwenye gari hili ina kazi ya pili: tangi la Subaru limekaa kama tandiko juu ya mtambo wa nyuma, lina pande mbili, na mafuta yanayorudi ndiyo yanayovuta petroli ya upande wa pili kupitia kitundu kidogo. Ukizidisha mafuta yanayorudi, yanalundikana kama maji ya masika kwenye mfereji wa mtaa, na presha ya mbele inapanda hata reguleta ikiwa mpya kabisa.

Mteja mmoja alikuja na SG5 iliyofungwa pampu ya lita 340. Kampuni siitaji, kwa sababu pampu yenyewe ilikuwa nzima na imetengenezwa vizuri. Gari ndilo halikuwa lake. Malalamiko yake: harufu ya petroli asubuhi, mafuta yanaisha haraka, na ukitulia kwenye taa injini inatetemeka. Geji ilisoma PSI 46 kwenye sailensi, mpira wa vakyumu ukiwa umechomekwa, mahali palipotakiwa 33. Ukifanya hesabu ya nozeli, presha ya namna hiyo inamwaga mafuta karibu asilimia 13 zaidi kwa mfunguko uleule. Nikafungua laptop, na masahihisho ya kontroli boksi yalikuwa yamekwenda hasi kwa kiasi kilekile. Yaani kompyuta ilikuwa imegundua kwa sensa ya oksijeni kwamba mchanganyiko una petroli nyingi, ikawa inapunguza, inapunguza, na imeshajifunza kupunguza.

"Si inajirekebisha yenyewe, fundi?" akaniuliza. Swali zuri, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya yote.

Inajirekebisha, ndiyo. Lakini turbo ikijaa, presha inayotakiwa mbele inapanda pamoja nayo: ukiwa na baa 0.8 za turbo, mafuta yanatakiwa yafike baa 3.8. Kwa presha hiyo, na nozeli zikiwa zinakunywa mafuta mengi, kinachorudi kinapungua na njia ya kurudi inaweza isizidiwe tena. Ziada ya presha inatoweka. Presha inakuwa sahihi kabisa, wakati kontroli boksi bado imeshika somo lake la kupunguza. Subaru inahifadhi masahihisho kwa makundi ya kiasi cha hewa, na kundi la juu kabisa linaendelea kutumika hata pale sensa ya oksijeni isiposikilizwa tena, mguu ukiwa chini. Ikiwa gari limejifunza kupunguza mpaka kwenye kundi hilo, utapata mchanganyiko mkavu, wenye petroli pungufu, wakati turbo imejaa, na injini hizi zinagonga: mafuta yanalipuka ndani ya silinda bila mpangilio. Zilipangiwa petroli ya oktani ya juu ya Japani. Hapa kwetu zinakunywa kilichopo kituoni. Kuta za pistoni za EJ zinazoshika ringi hazivumilii kugonga kwa muda mrefu. Kwa hiyo mtu aliyeongeza pampu kubwa "kwa usalama" anaweza kuwa ndiye aliyeuondoa usalama, na taa ya injini haijawaka hata mara moja.

Nilimrudishia pampu ya 255, nikafuta yale mafunzo ya zamani, tukaenda Kibaha na kurudi. Masahihisho yakatulia karibu na sifuri. Ile ya 340 aliiuza kwa kijana mwenye gari lililobadilishwa reguleta na kupangwa upya programu. Huko inafaa. Siichukii pampu kubwa. Nachukia kuifunga kwenye gari ambalo kompyuta yake haijaambiwa.

Turudi kwenye Walbro yangu. Kwenye sailensi, amri ikiwa asilimia 33, geji inasoma 33, saa nyingine 34. Nikichomoa mpira wa vakyumu inapanda 43. Moduli ya kiwandani naigusa kwa mkono baada ya safari ndefu, ina uvuguvugu, haichomi. Umeme inaokula ni mwingi kuliko pampu ya asili, hilo lazima niseme, na kwenye gari la zamani waya wa ardhi wa pampu huwa umekwisha nguvu. Pima volti palepale kwenye soketi ya pampu, mtu akiwa amekanyaga mpaka amri ifike 100. Ikiwa unapoteza zaidi ya volti moja kutoka kwenye betri, tengeneza nyaya kabla ya kulaumu pampu yoyote.

Mtihani wa kweli kwangu ni Mlima Kitonga. Gari limejaa watu na magunia, lori mbele, kona, nafasi ikipatikana unakanyaga. Hapo turbo inakaa juu kwa muda ambao mjini huupati. Nilikuwa na mdogo wangu kiti cha mbele ameshika laptop, anasoma. Amri ilikaa 100, masahihisho hayakutikisika, na sensa ya kugonga haikuripoti chochote cha kunitisha. Tulipofika Ilula gari lilikaa sailensi kama limetoka gereji asubuhi.

Kasoro yake ni sauti. Walbro 255 inalia, mluzi mwembamba kutoka nyuma, hasa swichi ikiwashwa kabla ya injini, na hasa tangi likiwa limepungua. Hii inajulikana duniani kote kwa pampu hii. Abiria wa kiti cha nyuma wataisikia mjini usiku. Mke wangu aliiuliza siku ya kwanza, na mama yangu bado anaiuliza. Kama unataka ukimya, tafuta ya asili ya Subaru. Iliyotumika kutoka Japani utapata Gerezani kwa bei nafuu, ila umri wake hutaujua, na pampu iliyokaa kavu kwenye rafu ya joto huwa haidumu. Mimi nimechagua mluzi.

Kuhusu ufungaji, usiruhusu fundi atumie mpira wowote ule wa petroli kuunganisha pampu na bomba la ndani. Mpira wa nje, ule ulioandikwa 30R7, haukutengenezwa kuzama. Ndani ya tangi unalainika, unavimba, klipu inalegea, na presha inapotea kidogo kidogo. Hapo utaanza kubadilisha nozeli na plagi bila sababu. Wa kuzama umeandikwa 30R10, ni ghali kwa urefu wake, na unahitaji kipande kifupi tu. Chujio la chini pia libadilishwe, lile la kitambaa, kwa sababu matangi yetu yana vumbi na maji, na pampu mpya kuinywesha kupitia chujio lililoziba ni kuiua.

Bei: nililipa karibu laki tatu. Za boksi jeupe zipo za elfu hamsini, na tofauti hiyo naijua inavyouma. Lakini nimezipima. Moja niliyoletewa, imeandikwa lita 255 kwenye karatasi iliyobandikwa, ilikuwa inatoa vizuri ikiwa haina mzigo, ukiipa presha ya baa 3 inachoka. Kwenye Forester hilo ni balaa la namna ya pekee. Kwa amri ya asilimia 33 mota yake haikuwa na nguvu ya kuzunguka ipasavyo, presha ikashuka chini ya 25 kwenye sailensi, kontroli boksi ikaongeza mafuta mpaka ikafika mwisho wa kuongeza, taa ikawaka na kodi (namba ya hitilafu) P0171. Mwenye gari alikuwa ameshanunua sensa ya hewa na sensa ya oksijeni kwa ushauri wa mtu mwingine. Kodi ile inasema mafuta ni machache kuliko hewa; haisemi nani kasababisha. Geji ya presha ingemwambia kwa muda wa kunywa chai.

Bandia za Walbro zenyewe zipo nyingi sana, na nyingine zimechapwa vizuri. Sitegemei macho. Ninachofanya kabla ya kufunga ni kupima ujazo: lita 255 kwa saa ni zaidi kidogo ya lita 4 kwa dakika. Nachukua dumu lenye alama, mbali na moto na mbali na wavuta sigara, pampu naipa umeme wa kutosha na presha ya baa 3, nahesabu nusu dakika. Lita mbili au karibu yake, naifunga. Lita moja na kitu, inarudi dukani. Duka ninalonunua wanakubali masharti hayo kabla sijalipa, na duka lisilokubali huwa sirudi. Siku hizi pampu hizi za Walbro hutengenezwa na TI Automotive, kwa hiyo usishtuke ukiona jina hilo kwenye boksi. Huo peke yake si ushahidi wa ubandia.

Kuna jambo la hatari ambalo nataka wenye gari walijue hata kama hamtaki kusikia habari za PSI. Moduli ikifa, au pampu mpya ikigoma, mafundi wengine wanairuka moduli. Wanavuta waya kutoka kwenye swichi moja kwa moja hadi kwenye pampu, gari linawaka, mteja anafurahi. Mambo mawili yanatokea. Kwanza, pampu sasa inazunguka asilimia 100 hata kwenye sailensi, kwa hiyo hata hiyo 255 itaanza kupandisha presha, na kontroli boksi itaanza kujifunza uongo niliouelezea. La pili ni baya zaidi. Gari likiwa kama lilivyotoka kiwandani, injini ikizimika tu, kwa ajali au kwa sababu nyingine, kontroli boksi inaona krenki (mhimili mkuu wa injini) haizunguki, inakata pampu. Ukiwa umeunganisha na swichi, gari limepinduka, bomba limekatika, pampu inaendelea kumwaga petroli mpaka mtu afike kwenye ufunguo. Dada mmoja aliniletea gari lililofanyiwa hivyo bila yeye kuambiwa. Nilipomwonyesha waya alinyamaza, kisha akasema, "Kaka, na hapo nyuma ndipo wanangu wanakaa." Moduli iliyotumika inapatikana. Ikihitajika rilei ya ziada ya kupunguza upotevu wa volti, iamshwe na waya unaotawaliwa na kontroli boksi, si na swichi.

Kwa wenye Toyota za injini kubwa za turbo, wazo ni lilelile ingawa njia ni nyingine. Supra ya JZA80, kwa mfano, ina kompyuta ndogo ya pampu inayotoa volti 9 hivi mzigo ukiwa mdogo na volti kamili ukiwa mkubwa. Pima sailensi kwanza, kisha pima mzigo. Noah na Voxy za AZR60 zenye D-4 (petroli inanyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda) siziingizi hapa, zile zina pampu ya pili ya presha kubwa kwenye injini na zinataka maelezo yake. Na gari jipya lenye pampu isiyo na brashi, yenye nyaya tatu za mota, usijaribu kuiwasha kwa betri. Haitazunguka bila moduli yake, na hakuna Walbro ya brashi itakayochukua nafasi hiyo.

SG9 ya STI, ile ya EJ255 na nguvu 265, wengi mnaniuliza. Lita 255 inaitosha ikiwa programu ni ya kiwandani.

Ukileta gari kufungiwa, liwe na mafuta robo tangi au pungufu, maana tunafungua mfuniko na sitaki petroli ya lita arobaini chini ya pua yangu. Njoo asubuhi. Kufunga hakuchukui muda, ila baadaye lazima tutoke nalo barabarani, tupite Mandela, twende mwendo mdogo na mkubwa, nami nikiwa na laptop magotini, ndipo nikuandikie namba za presha na za masahihisho kwenye karatasi uondoke nazo. Fundi yeyote atakayelifungua gari hilo baadaye atajua pa kuanzia.